Saa Bubu ya Mzee Lugrin

Katika bonde la Joux, milimani kaskazini ya Geneva, saa ya mfukoni inayoimba haiuzwi mpaka isikilizwe na watu waliogeukia ukuta. Mitambo yote huvuliwa maganda yake ya dhahabu na kuvishwa maganda ya majaribio, ya fedha kavu, yanayofanana kama mayai ya kuku mmoja, ili jicho lisimpendelee mtu. Uso wa saa hubandikwa karatasi. Mtu wa nyumbani huzungusha mishale na kuiacha anapotaka mwenyewe, bila kumwambia yeyote. Kisha majirani wawili wa kazi hiyohiyo hukaa na vibao na chaki, pua zikitazama ukuta, na fundi mwenye saa hukaa mezani. Anavuta kitelezo cha ubavuni, saa inagonga, naye ndiye husema kwanza: imegonga ngapi, na sauti yake ikoje. Akidanganya, vibao vya majirani vitamuumbua.

Nyumbani kwa Mzee Samuel-Élie Lugrin mtu wa nyumbani alikuwa binti yake Octavie. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mikono mipana ya kukamulia, na sikio ambalo halikuwa na mwenzake kando zote za ziwa la bonde hilo. Isipokuwa hakuna aliyelijua sikio hilo. Lilijulikana la baba yake.

Mzee alikuwa kiziwi. Octavie aliligundua jambo hilo miaka sita kabla, siku ndoo ya maziwa ilipomponyoka na kubingirika nyuma ya kiti cha baba yake, na mzee hata shingo hakugeuza. Aliiokota ndoo, akasimama hapohapo mgongoni kwake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Baba, wewe ni mbwa." Mzee aliendelea kupiga tupa. Octavie alirudia mara mbili, kwa kuhakikisha, na mara ya tatu kwa raha yake.

Tokea hapo mambo yalijipanga yenyewe. Mzee alijifunza kusoma midomo ya watu. Wenye ndevu nyingi aliwakemea, "Sema vizuri, unatafuna maneno kama mbuzi." Kanisani aliimba akiwa ametangulia mstari mzima, watu wakasema ni bidii. Mtambo wa kuimba ukikamilika, nyundo zipo, nyaya za chuma zimezungushwa mahali pake, aliuacha jioni kwenye meza ya binti yake akisema, "Futa vumbi." Asubuhi nyaya zilikuwa zimekwisha kutiwa sauti. Octavie alikwangua kidogo kwenye shina la waya kama sauti ilikuwa juu mno, au kwenye ncha kama ilikuwa chini mno, kiasi cha unga usiotosha kumwasha mtu pua. Mzee hakuuliza vumbi gani lililofutwa. Akiutia mtambo mfukoni kuupeleka, alisema, "Huu nimeuweza."

Octavie angeweza kuishi hivyo mpaka mmoja wao afe. Kilichoharibu ni barua.

Ilitoka kwa Bwana Anselme Vuagnat, mnunuzi wa Geneva, mwaka ule ambao ziwa liliganda mapema kabla ya Novemba kwisha. Alitaka mkataba wa miaka kumi: kila saa ya kuimba atakayoiuza, iwe imetiwa sauti na nyumba ya Lugrin. Na alitaka mtu wa sauti akae Geneva, apewe chumba na meza yake dirishani, na jina lake liandikwe kwenye mkataba.

"Niende mimi," Octavie alisema, akimwelekezea uso ili aone vizuri.

Mzee alikunja barua. Hakumjibu pale. Alimjibu Jumapili, nje ya kanisa, mbele ya watu, Guignard jirani yao alipomuuliza nani atakwenda Geneva.

"Mimi mwenyewe," alisema Lugrin.

"Na Octavie? Si ndiye anakufutia vumbi?"

"Octavie sikio lake linajua ng'ombe. Ukimwekea saa atatafuta chuchu ilipo."

Walicheka vizuri, hata mke wa mchungaji alicheka, akafunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Octavie naye alicheka. Alirudi nyumbani akakamua, akapika viazi na soseji ya moshi, akampakulia baba yake kipande kikubwa. Usiku huo alilala usingizi mzito, maana alikuwa amekwisha kuamua.

Ilikuwapo ndani ya nyumba ile saa ambayo haikuwahi kuuzwa. Mzee aliitengeneza mwenyewe ujanani, kwa ajili ya jaji mmoja aliyependa kujua saa akiwa mahakamani bila mtu kusikia. Ilikuwa bubu. Ina kila kitu cha saa ya dakika: inahesabu saa, inahesabu robo, inahesabu dakika, lakini haina waya hata mmoja. Nyundo zinagonga kipande cha shaba, na pigo unalipata kwenye kiganja, kama mtu anakugusa kwa ukucha. Jaji alikufa kabla hajaichukua. Ilikaa kwenye droo na vifungo vilivyokatika.

Bwana Vuagnat alifika Alhamisi kwa kigari cha theluji, amevaa koti lenye manyoya, pua nyekundu. Guignard alikuja na Rochat, mzee wa upande wa kinu, mpole, asiyesema mpaka aulizwe. Octavie aliwapa jibini lililofungwa kwa gome la mti, laini, la kuchota kwa kijiko, na vikombe vidogo vya pombe kali ya mizizi.

"Lugrin," Guignard alisema, "bado hujafa?"

"Nangoja utangulie, nisikie unavyolia ukishuka kaburini."

"Nitalia kwa robo, wewe hupendi saa za robo."

Bwana Vuagnat alikuwa ameketi mkabala na mzee, taa ikimulika mdomo wake, na Octavie ndiye aliyemwekea kiti pale. Aliuliza, "Hebu niambieni nyinyi wakubwa. Leo nitasikia saa za aina tatu. Ya robo isiyohesabu dakika, inayojipigia, na ya dakika yenye nyaya tatu. Ipi ni kazi hasa?"

"Inayojipigia," Guignard alisema bila kufikiri. "Kila robo inasema saa na robo yake, mchana na usiku, hujaigusa. Kamani mbili, moja ya kutembea na moja ya kusema. Ikikosea mara moja inakosea mpaka kesho. Mimi nimetengeneza nne, nywele zikatoka."

"Zilitoka kwa kuvaa kofia," alisema Lugrin. "Inayojipigia ni mlevi kanisani. Anaongea, nani kamuuliza? Ya dakika inanyamaza mpaka umwombe. Na ukivuta kitelezo nusunusu hakujibu kabisa, maana heri anyamaze kuliko akupe hesabu pungufu. Huyo ni mtu mwenye heshima. Mpe nyaya mbili atakujibu. Mpe tatu, robo zake zitashuka kama ngazi, na hapo utasahau hata ulichouliza."

"Na ya robo?" aliuliza Rochat.

"Ya robo ni ya watu wasio na treni ya kuwahi."

Bwana Vuagnat alicheka, akajipangusa jibini kwenye sharubu. "Basi tusikilize."

Octavie alileta saa tatu kwenye sinia, kila moja chini ya kitambaa. Alikuwa amezivisha maganda mwenyewe asubuhi, baada ya kukamua. Ya dakika, ile ya nyaya tatu aliyoihangaikia wiki saba mpaka ikakubali, ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake, imefungwa kwa kipande cha flana ili isipate baridi.

Guignard na Rochat waligeuka. Mzee alivuta karibu ubao wake. Ulikuwa ubao mwembamba wa msonobari kutoka msitu wa Risoud, wa mti ulioota polepole mpaka mistari yake ikawa kama nyuzi, aina wanayoitumia watengenezaji wa fidla. Saa huwekwa juu ya ubao huo ili mbao isaidie sauti. Mzee alikuwa na desturi ya kuweka ncha za vidole ukingoni, kidogo tu, kama anautuliza. Watu waliona ni madaha ya fundi. Octavie alijua kwamba pale ndipo masikio yake yalipohamia.

Ya robo iligonga. "Saba na robo tatu," alisema mzee. "Sauti ni ya kikombe cha chai. Safi, haina makuu." Vibao viligeuzwa: saba na robo tatu. Rochat alitikisa kichwa kukubali.

Inayojipigia ililazimishwa kwa kitufe. "Nne na robo moja. Ina kelele kidogo kwenye pigo la tatu, nyundo inarudi kwa uvivu. Nitaifinya." Hilo alikuwa amelisoma kwa kidole, na lilikuwa kweli. Bwana Vuagnat aliandika kitu. Guignard, pua ukutani, aliguna kwa wivu.

Kisha mzee alifunua ya tatu.

Hapo Octavie alikuwa na nafasi. Angeweza kusema amekosea ganda, akaibadilisha, na mambo yakaisha kwa kuitwa mjinga, jina ambalo alikuwa amekwisha kulizoea. Alisimama karibu na jiko, mkono kwenye mfuko wa aproni, na hakuutoa.

Mzee alivuta kitelezo mpaka mwisho, akakiachia. Ndani ya chumba kile chenye moto na watu watano walionyamaza, kilisikika kitu kama mende anayetembea ndani ya boriti. Tak. Tak. Tak. Mapigo kumi. Mapigo mawilimawili ya robo, mara mbili. Kisha mengine kumi na moja, ya harakaharaka, makavu. Basi.

Guignard aligeuza shingo kabla ya wakati, jambo ambalo mtu mwenye adabu halifanyi.

Mzee alikuwa amefumba macho. Vidole vyake vilikuwa bado ukingoni mwa ubao. "Kumi," alisema polepole, "robo mbili, na kumi na moja." Akafumbua macho, akatabasamu kama mtu aliyekula akashiba. "Mnasikia ule mkia? Pigo limekwisha lakini sauti bado ipo, inatafuta dirisha la kutokea. Waya wa chini ndio nilioupigania. Ulikuwa unavuma kama nyuki kwenye chupa. Nikaukwangua shinani, kidogo, kidogo, mpaka ukalainika. Sasa hebu sikia, hauna chuma tena. Ni kama mwanamke anayeimba chumba cha pili."

Bwana Vuagnat alimtazama mzee, akaitazama saa, akamtazama Octavie aliyekuwa karibu na jiko. Hakuwa mtu mjinga. "Rudia, Mzee Lugrin," alisema. "Nimependa, nataka tena."

Mzee alirudia. Mende alitembea tena ndani ya boriti. "Hapo," mzee alisema, kidole juu, "hapo kwenye robo, mnaona zinavyoshuka?"

Ni Guignard aliyeanza mchezo. Alikuja mpaka mezani, akainama mbele ya mzee, akachezesha midomo bila kutoa sauti hata chembe: *Nyaya ngapi?*

"Tatu," mzee alijibu kwa sauti kamili.

Bwana Vuagnat alivuta pumzi puani. Guignard alimkonyeza, akachezesha midomo tena: *Na mimi sauti yangu unaionaje leo?*

"Mbovu kama siku zote. Una mafua?"

Guignard alishika meza kwa kicheko, na kicheko hicho mzee alikiona, akadhani ni cha utani wake, akacheka pia. Bwana Vuagnat naye akajaribu, kwa adabu ya mjini, midomo ikichezacheza juu ya kikombe: *Unasikia vizuri, mzee?*

"Kuliko nyinyi nyote," alisema Lugrin.

"Acheni," alisema Rochat, ambaye hakuwa ameondoka ukutani. "Mtu mzima huyo. Acheni." Lakini alisema akiwa amewapa mgongo, na mzee hakujua kuna aliyemtetea.

Octavie aliona ni wakati. Alikwenda mezani, akaichukua saa mbele ya baba yake, akaingiza ukucha kwenye ukingo wa ganda, akalifungua na kumwekea mtambo chini ya taa. Mzee aliinama. Alitazama mahali ambapo nyaya huzunguka, pakiwa patupu. Alikiona kipande cha shaba. Aliitambua kazi yake mwenyewe ya miaka arobaini nyuma, na skrubu yenye kichwa kilichochubuka aliyoichubua yeye. Alikaa hivyo muda ambao Guignard alipata kumaliza kucheka na kuona haya kidogo na kuacha kuona haya.

"Hesabu nilisema sawa," mzee alisema mwishowe.

Guignard alitazama kibao chake. Hakuwa ameandika kitu. Rochat alileta chake: kumi, robo mbili, kumi na moja. "Alisema sawa," alisema Rochat.

"Sawa, baba," alisema Octavie, na akatoa flana kwenye aproni.

Aliiweka saa ya kweli juu ya ubao, akavuta kitelezo. Siwezi kuwaandikia sauti ile. Robo zilishuka ngazi kama mzee alivyosema, na waya wa chini ulikuwa hivyohivyo alivyousifu, maana alichokisifu kilikuwa cha kweli, ila hakikuwamo ndani ya ile aliyoisifia. Bwana Vuagnat aliweka kikombe chini.

"Hii nimeitia sauti mimi," Octavie alisema. "Na zote za miaka sita. Niulize waya wowote, nitakwambia nilikwangua wapi."

"Sina haja ya kukuuliza, binti Lugrin. Nilikuwa najua."

Octavie alimtazama.

"Saa za baba yako zilikuwa nzuri. Halafu akafika miaka sitini na mitano, zikawa nzuri zaidi. Nani anaongezeka sikio umri huo? Nikasema kuna mtu mwingine ndani ya nyumba. Mke hana. Ng'ombe sijui." Alichota jibini. "Mimi ilikuwa hainihusu. Ninachouza Petersburg na Buenos Aires ni jina lile na ndevu zile. Ningemchukua yeye akae dirishani, wateja wamwone, na wewe ungekuja kumpikia. Meza mbili zilikuwa tayari. Ungeniambia hata mlangoni, kwa kunong'ona."

"Jina langu lingeandikwa?"

"Lingeandikwa lake. Lakini ungekuwa Geneva." Alimwelekeza Guignard kwa kijiko. "Sasa huyu atakwenda kilabuni. Saa hii hii, buti bado zina theluji. Jumamosi watajua Geneva, na baada ya Krismasi fundi Lugrin atakuwa yule kiziwi aliyeisifia saa bubu. Nitamwonyesha nani hilo?"

Guignard hakukana. Alikuwa amekwisha kuvaa kofia.

"Kaa, Guignard," alisema Bwana Vuagnat. "Una jina, japo nyaya zako zinalia kama mifuniko ya sufuria. Ukiwa na mtu wa kukutilia sauti, mkataba utauweza?"

Guignard alivua kofia. Alimpima Octavie kwa macho kama anavyopimwa ndama. "Nafasi ipo. Ya karibu na jiko. Dirishani nakaa mimi. Geneva nitakwenda mimi kuonekana, yeye abaki bondeni afanye kazi. Na akisema kwa mtu yeyote, hata kwa mchungaji, anaondoka."

"Umesikia, binti?"

Octavie alisikia. Alisikia pia kuni zikipasuka, na theluji ikiteleza paani, na pumzi ya baba yake ikipita vibaya. Alifikiri juu ya dirisha la Geneva ambalo hajawahi kuliona. Akafikiri juu ya kubaki: asubuhi, mezani, wawili, na mzee akimtazama mdomo.

"Nianze lini?" alisema.

"Jumatatu," alisema Guignard. "Njoo na tupa zako, sitanunua tupa."

Bwana Vuagnat alisimama, akafunga koti. Aliichukua saa bubu mezani, akaipima kiganjani, akavuta kitelezo. Ilimgonga mkononi, akatabasamu. "Hii nayo naichukua. Kwenye chakula cha jioni itanilipa mara mbili, kwa ajili ya hadithi tu."

"Hiyo niachie," alisema Mzee Lugrin. Alikuwa amefuata mdomo wa mnunuzi. Alinyoosha mkono, kiganja juu. "Chukua ile nyingine. Chukua zote tatu. Hiyo niachie, ndiyo ninayo..."

Bwana Vuagnat alimtazama Octavie, kwa kuwa mtu wa nyumbani ndiye hukabidhi saa, desturi ni hiyo. Octavie aliichukua mkononi mwa mnunuzi, akalifunga ganda, akaifuta alama za vidole kwa aproni. Akamrudishia Bwana Vuagnat.

Walitoka. Guignard alitangulia mbio, Rochat alikuwa wa mwisho, akamgusa mzee begani, akaenda zake. Kigari cha theluji kiliondoka na kengele zake, ambazo mmoja tu kati ya waliobaki alizisikia mpaka zilipopotea kwenye barafu ya ziwa.

Octavie alianza kukusanya tupa zake kwenye kitambaa, ndogo na ndogo, kubwa na kubwa. Mzee alimtazama akifanya hivyo. Alimtazama mpaka ya mwisho.

"Jumatatu nani atakamua?" aliuliza.

Octavie alifunga kitambaa kwa mafundo mawili. Alimgeukia baba yake uso kwa uso, karibu, kwenye mwanga, akafungua midomo kwa utaratibu ili kila neno lionekane, na hakutoa sauti.

*Kamua wewe. Vidole unavyo.*

Mzee alielewa. Alivaa buti zake, akachukua ndoo, akatoka kwenda zizini, maana saa za kukamua zilikuwa zimekaribia, na ng'ombe walikuwa wameanza kulia.